Kumlisha mtoto aliye kwenye mashine ya kupumulia: mpira, maziwa na saa ya kurudisha

Mtoto wa miezi tisa, kilo nane, nimonia kali. Saa nane usiku amewekwa kwenye mashine ya kupumulia, amelazwa kwa dawa za usingizi, mpira wa kupumulia umebanwa kwa plasta mdomoni. Asubuhi mama yake anaruhusiwa kuingia dakika kumi. Haulizi habari za mashine. Anauliza: "Sista, amekula?"

Nauandika mwongozo huu kwa muuguzi anayeanza zamu zake za kwanza kwenye ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ya watoto hapa Dar es Salaam, awe Muhimbili ya Upanga, ya Mloganzila au hospitali ya rufaa ya mkoa. Mzazi akiusoma ataelewa tunafanya nini pale kitandani na kwa nini. Ila hakuna hatua hapa ya mzazi kuifanya mwenyewe, na kiasi cha maziwa hupangwa na daktari pamoja na mtaalamu wa lishe.

Niseme mapema ninapoelekea. Kuingiza mpira wa kulishia si kazi ngumu, ukishafanya mara kumi mkono unazoea. Tunapojikwaa ni sehemu mbili: kuhakikisha mpira uko tumboni, na kurudisha maziwa baada ya kuyasimamisha. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa ICU 31 za watoto katika nchi nane, watoto 500 walio kwenye mashine. Kwa wastani, kwa njia ya tumbo walipata asilimia 38 tu ya nishati waliyoandikiwa. Hizo zilikuwa ICU zenye vifaa, na bado watoto walikuwa wanapewa chini ya nusu.

Tumbo liko tayari?

Lengo ni kuanza ndani ya saa 24 hadi 48 tangu mtoto aingie ICU. Wengi tulifundishwa kusubiri tumbo lingurume kwanza. Acha. Mtoto aliyepewa mofini au fentanili, dawa kali za maumivu, tumbo lake huwa kimya, na kimya hicho peke yake si sababu ya kumnyima maziwa.

Usianze kama utumbo umeziba au umetoboka, kama anatapika nyongo ya kijani, kama kuna damu inayotoka tumboni kwa wingi, au kama bado yuko kwenye mshtuko (damu haizunguki vya kutosha mwilini) na dawa za kupandisha presha zinaongezwa kila saa. Dozi ya dawa hizo ikishatulia, anaweza kuanza taratibu. Hata mtoto aliyelazwa kifudifudi ili mapafu yapumue vizuri anaweza kulishwa.

Daktari akikimbilia lishe ya mshipani siku ya kwanza, muulize kwa heshima. Utafiti wa PEPaNIC wa mwaka 2016, uliohusisha watoto 1,440 Leuven, Rotterdam na Edmonton, ulionyesha kuwa waliocheleweshewa lishe ya mshipani kwa wiki nzima walipata maambukizi machache na walitoka ICU mapema kuliko walioanzishiwa ndani ya saa 24. Kwa hiyo haraka yetu iwe ya tumbo.

Kuchagua mpira

Kwa walio wengi, mpira unaopita puani na kuishia tumboni unatosha. Pitisha mdomoni kama kuna shaka ya kuvunjika mfupa wa chini ya fuvu (bodaboda zinatuletea hao kila wiki) au kama pua imeziba. Mpira unaovuka tumbo na kuingia utumbo mwembamba ni wa mtoto anayetapika kila akilishwa au aliye kwenye hatari kubwa ya maziwa kurudi mapafuni. Kuupitisha ni kazi ya mwenye uzoefu, na usicheleweshe maziwa siku mbili kwa kuusubiri.

Ukubwa: njiti hutumia namba 5, mtoto mchanga na wa chini ya mwaka namba 6 au 8, mkubwa kidogo namba 8 au 10. Rangi ya kichwa cha mpira inakusaidia usiku: 6 kijani hafifu, 8 bluu, 10 nyeusi. Mpira wa plastiki ya kawaida, ndio tunaokuwa nao mara nyingi, hukakamaa kwa asidi ya tumbo, hivyo hubadilishwa kila wiki au kama kiwanda kilivyoelekeza. Ule laini wa poliyurethani au silikoni hukaa wiki kadhaa.

Kuuingiza

Mfanye hivi mkiwa wawili. Mmoja kazi yake ni moja tu, kushika mpira wa kupumulia usisogee.

1. Osha mikono, vaa glavu. Andaa sirinji, plasta, karatasi ya kupimia pH (kiwango cha asidi), kalamu isiyofutika na mashine ya kufyonza makohozi ikiwa imewashwa.

2. Pima: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kutoka hapo hadi katikati ya ncha ya chini ya mfupa wa kidari na kitovu. Usiishie kwenye mfupa wa kidari kama tunavyofanya kwa watu wazima, mpira utabaki kwenye umio (njia ya chakula). Weka alama.

3. Lowesha ncha kwa maji safi au jeli ya maji. Mafuta hapana.

4. Inamisha kidevu kidogo, pitisha mpira ukifuata sakafu ya pua kuelekea sikio wala si kuelekea juu, polepole mpaka kwenye alama. Huyu hamezi, kwa hiyo hutapata ile nafasi ya kumsubiri ameze.

5. Tazama monita muda wote. Oksijeni ikishuka au mapigo ya moyo yakianza kwenda taratibu, rudisha mpira nyuma, mwache apumzike.

6. Bandika shavuni, si juu ya tundu la pua, maana hutengeneza kidonda. Andika kwenye faili mpira umeishia sentimita ngapi puani.

Plasta za Dar zina adui anaitwa jasho. Kiyoyozi kikizimika mwezi wa pili, plasta iliyobandikwa asubuhi jioni inaning'inia. Futa shavu, likauke kabisa, ndipo ubandike, na ubadilishe ikianza kubanduka badala ya kuongeza nyingine juu yake.

Hakikisha, kisha hakikisha tena

Mtoto aliye macho ukimwingizia mpira kwenye njia ya hewa atakohoa, atabadilika rangi, atapigana na wewe. Huyu amelala kwa dawa. Mpira unaweza kuteleza pembeni ya mpira wa kupumulia ukaingia pafuni, naye akakaa kimya kabisa. Mililita hamsini za maziwa kwenye pafu ambalo tayari lina nimonia zinaweza kumuua.

Kwa hiyo tuache ile desturi ya kusukuma hewa kwa sirinji huku stetoskopu iko tumboni. Mlio unasikika vilevile mpira ukiwa kwenye umio au hata pafuni. Najua tulifundishwa hivyo chuoni na mitihani tukafaulu. Haiaminiki. Na karatasi ya litmasi, ile inayobadilika kutoka bluu kuwa nyekundu, haitofautishi vizuri majimaji ya tumbo na ya mapafu.

Tunachotumia ni viwili. Cha kwanza ni pH: vuta majimaji kidogo kwa sirinji, dondosha kwenye karatasi, soma rangi. Ikiwa 5.5 au chini, uko tumboni. Ikiwa juu ya hapo usilishe. Inawezekana ni omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, inawezekana ni maziwa yaliyotoka kuingia, inawezekana pia uko pafuni, na karatasi haitakuambia ni lipi kati ya hayo. Subiri saa moja upime tena au nenda eksirei.

Majimaji yasipotoka, mlaze mtoto ubavu wa kushoto, sukuma hewa kidogo sana (mililita 1 hadi 2 kwa mchanga, mpaka 5 kwa mkubwa) ili ncha iachane na ukuta wa tumbo, subiri robo saa, vuta tena. Sogeza mpira mbele au nyuma sentimita moja au mbili. Kamwe usisukume maji "kujaribu".

Cha pili ni eksirei. Hapa nina ujanja mmoja unaookoa pesa ya mzazi na mionzi kwa mtoto: mtoto akishawekewa mpira wa kupumulia, lazima apigwe picha ya kifua. Weka mpira wa kulishia kabla ya picha hiyo, na waombe wapiga picha waionyeshe mpaka chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Picha moja itajibu maswali mawili. Kwenye picha unatafuta mpira unaoshuka katikati, unaopita moja kwa moja pale njia ya hewa inapogawanyika bila kufuata tawi lolote, unavuka kiwambo, kisha unakunja kushoto. Ukifuata tawi la njia ya hewa, utoe hapohapo.

Baada ya hapo alama ya sentimita ndiyo mlinzi wako. Iangalie kabla ya kila lisho. Pima pH tena kila zamu, na kila mtoto anapotapika, anapokohoa sana wakati wa kufyonzwa makohozi, au plasta inapobanduka.

Hesabu ya maziwa

Sehemu hii wengi wanaiachia "mililita hamsini kila saa tatu" kwa kila mtoto. Tufanye ya yule wa kilo nane.

Uzito kwanza. Mtoto wa ICU amevimba kwa drip, mizani itakudanganya. Muulize mama kadi ya kliniki. Karibu kila mama wa Dar anayo, mara nyingi iko kwenye mkoba ndani ya mfuko wa nailoni, na uzito wa mwezi uliopita uko pale kwa kalamu. Kadi hiyo itakuonyesha pia kama mtoto alikuwa anapungua kabla hajaugua.

Siku za mwanzo za ugonjwa mkali mwili hautaki zaidi ya nishati ya kupumzika. Kwa mvulana wa chini ya miaka mitatu, fomula ya Schofield, inayokadiria nishati hiyo, ni uzito mara 59.5 kisha toa 30. Kwa msichana, uzito mara 58.3 kisha toa 31. Mvulana wetu: 8 mara 59.5 ni 476, toa 30, tunapata kilokalori 446 kwa siku. Protini isipungue gramu 1.5 kwa kilo, yaani gramu 12.

Sasa maji. Mtoto wa kilo nane kwa kawaida angepata mililita 800 kwa siku, lakini mapafu yamelowa na daktari amekata mpaka 560. Dawa, drip na maji ya kusuuzia mpira vimekula 100. Imebaki nafasi ya mililita 460.

Maziwa ya mama yana takriban kilokalori 67 na gramu moja ya protini kwa kila mililita 100. Mililita 460 zinampa kilokalori 308 na gramu tano hivi za protini. Nishati ni kama theluthi mbili, protini haifiki nusu. Mtoto analishwa kila saa tatu, chati imejaa tiki, na bado misuli inaliwa, ikiwemo misuli ya kupumulia tunayoihitaji siku ya kumtoa kwenye mashine.

Hesabu hiyo mpelekee mtaalamu wa lishe ikiwa imeandikwa. Njia zipo: kuongezea maziwa ya mama virutubisho, au kutumia maziwa mazito ya watoto yenye kilokalori 100 na gramu 2.6 za protini kwa mililita 100. Kwa hayo, mililita 446 zinafikisha nishati yote na gramu 11.6 za protini. Gawanya kwa malisho nane, ni mililita 56 kila saa tatu. Yasipopatikana, na dukani bei yake inatisha, maziwa ya mama yanaendelea na tunamsukuma daktari alegeze maji mapema. Usiongeze vijiko vya unga kwenye kopo la maziwa kwa kukisia ili "yawe mazito". Chumvi na protini zitapita kiasi na figo zitalipa.

Hatuanzi na 56. Anza na robo, 14, kwa malisho mawili. Kisha 28 mara mbili, 42 mara mbili, ndipo 56. Saa kumi na nane umefika. Wodi yenu ikiwa na ratiba yake, fuata hiyo, mradi ratiba ipo na imebandikwa ukutani. Angalau theluthi mbili ya nishati iwe imefikiwa kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Mtoto aliyekuja na utapiamlo mkali ni habari nyingine. Ukimjaza ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu huporomoka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Huyo huanza na kiasi kidogo, mara nyingi F-75 (maziwa maalumu ya kuanzia tiba ya utapiamlo), apewe vitamini B1, damu ipimwe kila siku kwa siku za mwanzo, na kila nyongeza iamuliwe na daktari.

Kwa mkupuo au kwa matone?

Kuna kulisha kwa mkupuo kila saa mbili au tatu, na kuna kulisha kwa pampu saa zote. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 kwa watoto mahututi haikukuta ushahidi kwamba moja inaishinda nyingine. Kwa hiyo chagua kwa kutazama wodi yako. Mimi naanza na mkupuo. Hauhitaji umeme wala pampu, na nikimaliza najua kwa macho yangu kwamba maziwa yameingia. Pampu namwekea anayetapika mkupuo, na yule wa mpira uliovuka tumbo, maana utumbo mwembamba hauna mahali pa kutunza mkupuo.

Mkupuo unafanyika hivi. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, kama hakuna sababu ya kukataza. Angalia alama. Kunja mpira, chomoa kisukumio cha sirinji, unganisha bomba lake, mimina maziwa, kisha achia mpira. Inua sirinji kama shubiri moja juu ya tumbo la mtoto. Maziwa yashuke yenyewe kwa dakika 15 hadi 30. Yakikimbia, shusha mkono. Yakigoma, inua kidogo au geuza shingo ya mtoto taratibu. Usirudishe kisukumio na kusukuma ili uwahi kitanda cha pili. Nimefanya hivyo zamani, nikatapikiwa, na nikastahili. Maliza kwa maji safi, mililita 3 hadi 5 kwa mdogo, 5 hadi 10 kwa mkubwa, yaliyohesabiwa ndani ya maji yake ya siku.

Ukitumia pampu ya sirinji kwa maziwa ya mama, iweke sirinji mdomo ukiwa juu. Mafuta ya maziwa huelea, na mdomo ukiwa chini yanabaki kwenye sirinji, ukatupa nishati ya mtoto kwenye ndoo ya taka. Pampu iwe kwenye chaji hata umeme ukiwepo.

Na hili lifanye hata kama umechoka: kabla hujaunganisha maziwa, fuata mpira kwa vidole kutoka kwenye sirinji mpaka puani. Mtoto wa ICU ana mipira mitano inayofanana. Maziwa yakiingia kwenye mshipa ni kifo. Sirinji za kulishia za rangi ya zambarau haziingiani na za mshipani. Zikiwepo, zitumieni. Zisipokuwepo, funga plasta iliyoandikwa CHAKULA kwenye mpira.

Maziwa yenyewe, na chupa ya chai ya bibi

Maziwa ya mama yanashika nafasi ya kwanza hata tukilazimika kuyaongezea. Mama aanze kukamua siku hiyohiyo, mara nane kwa saa 24, na usiku usiachwe. Atakuambia hayatoki. Kwa hofu aliyonayo, siku ya kwanza huenda yakawa matone tu. Chukua hayo matone, yapake mdomoni kwa mtoto kwa pamba safi mbele yake. Mama akiona matone yake yametumika anarudi na kikombe. Akisikia "hayatoshi, mama", anakauka.

Chombo kiwe na jina, tarehe na saa. Maziwa ya mama hukaa saa nne kwenye chumba cha nyuzi 25. Benchi la nje ya wodi Dar lina joto zaidi ya hapo, hivyo yaende friji mara tu yanapokamuliwa. Humo yanafika siku nne. Maziwa ya unga yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kwani unga wenyewe hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, yapoozwe, na yatumike ndani ya saa mbili. Kilichobaki kwenye sirinji kimwagwe. Hakuna kuhifadhi "cha saa sita".

Kisha atakuja bibi. Ametoka Mbagala na chupa ya chai yenye uji wa ulezi, amepanda daladala mbili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mwekee huu, hayo maziwa yenu maji matupu."

Hajakosea sana kwenye hesabu, kama tulivyoona. Lakini uji utaganda ndani ya mpira namba 8 kabla haujafika kooni, na hakuna chujio la jikoni litakaloufanya upite salama. Supu ya kuku nayo ina chumvi na vijidudu tusivyovijua. Mweleze hivyo, mwonyeshe mpira ulivyo mwembamba, mwache aushike. Wengi wakishaushika wanaelewa. Kisha mwambie uji anywe mama, anayekamua mara nane kwa siku na hajala tangu jana. Hapo bibi anapata kazi.

Kuna pia kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, familia inaomba yapitishwe kwenye mpira. Mafuta ya upako, maji ya maombezi, ni hayohayo. Usicheke, wala usigombe, kwa sababu ukigomba watasubiri ugeuke. Mwambie mzazi kwamba ndani ya mpira hapaingii kitu kisicho kwenye chati, na apake kidogo kwenye paji la uso au miguuni, mbali na vidonda na plasta, huku akisoma dua yake. Sijaona familia iliyokataa.

Kusimamisha na kurudisha

Sasa nisimulie. Miaka iliyopita, hospitali niliyokuwa nafanya kazi, mtoto alisimamishiwa maziwa saa tisa usiku kwa ajili ya upasuaji wa asubuhi. Saa mbili asubuhi upasuaji ukaahirishwa. Daktari akaandika: "Arudishiwe maziwa saa 9." Yeye alimaanisha 09:00, saa moja baadaye. Muuguzi wa asubuhi akasoma saa tisa alasiri, akayaacha. Mimi nikaingia zamu ya jioni, nikasoma "9", nikajua ni 09:00 na kwamba wenzangu walishampa. Saa tatu usiku mama akaniuliza swali lilelile la mama wote, "Sista, amekula?", nikafungua chati nimwonyeshe, nikakuta ukurasa mweupe. Saa kumi na nane. Drip ndiyo iliyoshikilia sukari yake.

Tangu siku hiyo naandika saa kwa tarakimu nne, 09:00 au 15:00, na nikimsomea mwenzangu nasema "saa tatu asubuhi" kwa mdomo. Saa zetu za Kiswahili ni nzuri kwa kuishi nazo, ila kwenye chati ya ICU zinaua.

Kila unaposimamisha maziwa, kwenye mstari huohuo andika vitu vitatu: kwa nini, saa ya kurudisha, na nani atarudisha. Bila saa ya kurudisha, usikubali agizo la kusimamisha. Muulize daktari akiwa bado amesimama pale.

Kufyonza makohozi, kumgeuza, kumwogesha au kupiga eksirei si sababu ya kukosa lisho. Maziwa yanatulia kwa dakika hizo na kuendelea. Kwa upasuaji au kutolewa mpira wa kupumulia, kawaida ni saa nne kabla kwa maziwa ya mama na sita kwa ya kopo, lakini muulize mtaalamu wa usingizi, usianze kuhesabu tangu jana usiku "kwa usalama". Upasuaji ukiahirishwa, maziwa yanarudi saa hiyohiyo, na kama zimepotea mililita nyingi, uliza kama zinaweza kufidiwa kabla siku haijaisha.

Habari ya mabaki tumboni: kuvuta yaliyomo kila lisho na kusimamisha kwa sababu yamezidi namba fulani si jambo linalopendekezwa tena kama desturi ya kila mtoto. Tazama mtoto mzima. Anatapika? Tumbo limekuwa gumu, linang'aa, kipimo cha utepe kwenye kitovu kimepanda tangu asubuhi? Basi simamisha, ita daktari. Akitapika kijani au damu, simamisha mara moja. Akitapika mara moja maziwa meupe baada ya kukohoa, punguza kasi, usimnyime. Akiharisha, angalia kwanza antibiotiki na dawa za maji zenye sukari ya sorbitoli, na usafi wetu wa kukoroga. Asipopata choo siku tatu, mofini inahusika, omba dawa ya kulainisha.

Dawa na mpira ulioziba

Kila dawa peke yake, maji kabla, maji baada, maji katikati. Saga laini kabisa. Vidonge vya kuachia dawa polepole havisagwi. Fenitoini, dawa ya degedege, haipatani na maziwa, panga nafasi na mfamasia.

Mpira ukiziba, jaribu maji ya uvuguvugu kwa sirinji kubwa, vuta na sukuma kwa upole mara kadhaa. Soda inagandisha protini ya maziwa, iacheni dukani. Waya usiingie. Ukishindwa, badilisha mpira, na uanze upya na pH.

Kutoka kwenye mashine

Mpira wa kupumulia ukitoka, ule wa kulishia ubaki. Koo limevimba, sauti imekauka, na mtoto aliyekaa siku nyingi kwenye mashine anaweza kusahau kumeza kwa mpangilio. Mpe saa kadhaa, hakikisha anapumua bila kuhangaika na yuko macho. Kisha jaribu ziwa, au vijiko viwili vitatu vya maziwa akiwa ameketishwa, huku unasikiliza: akikohoa, sauti ikiwa ya majimaji, au oksijeni ikishuka, simama, rudi kwenye mpira, ujaribu tena kesho. Anapoanza kula, punguza ya mpira kwa kiasi kilekile anachokunywa.

Akimaliza siku nzima kwa mdomo bila shida, bandua plasta kwa maji, kunja mpira uzibe ili usidondoshe maziwa kooni, uvute kwa mwendo mmoja. Andika saa, tarakimu nne. Kisha mfungulie bibi mlango, uji wa ulezi uwe mwepesi, wa kijiko, na mtoto asilishwe akiwa amelala chali.